Miaka Sitini ya Kuirekebisha Lenzi

Kila askari aliyepata kulinda mpaka anajua kwamba darubini yenye kioo kibovu humwonyesha ukungu mahali aliposimama mtu. Kasoro ya namna hiyo iliwasumbua wanasayansi wa Ujerumani kwa miaka ipatayo 60.

Mwaka 1931, mjini Berlin, Max Knoll na Ernst Ruska waliunda hadubini itumiayo elektroni badala ya mwanga, na sumaku badala ya vioo. Lakini elektroni zipitazo karibu na ukingo wa lenzi ya sumaku hupindwa kupita kiasi, zikakutana mapema kuliko zile za katikati. Fundi wa vioo huondoa kosa hilo kwa kuongeza kioo kinachotawanya mwanga. Sumaku ya mviringo haina uwezo huo: hukusanya tu, haitawanyi.

Mwaka 1936, Otto Scherzer alithibitisha kwa hesabu kwamba kasoro hiyo haiondoleki maadamu lenzi ni ya mviringo, nguvu yake haibadilikibadiliki, wala hapana chaji ya umeme katika njia ya elektroni. Uthibitisho huo ungeweza kuonekana kuwa ukuta. Scherzer aliutumia kama taarifa ya mpelelezi: ikijulikana njia iliyofungwa, itafutwe nyingine. Mwaka 1947 alipendekeza, pamoja na mengine, lenzi zisizo za mviringo.

Majaribio mengi yalishindwa, kwa sababu sumaku zilipaswa kupangwa kwa usahihi mkubwa, na umeme wake usitikisike. Scherzer alifariki mwaka 1982 kabla ya mavuno. Mwanafunzi wake, Harald Rose, hakuliacha shamba. Mwaka 1990 alitoa mpango wa kutumia sumaku zenye ncha sita. Maximilian Haider, mzaliwa wa nchi jirani ya Austria, aliujenga mjini Heidelberg, akishirikiana na Rose na Knut Urban. Matokeo yalitangazwa mwaka 1998: hadubini iliyoishia kutenganisha nukta zilizoachana kwa nanomita 0.24 sasa ilifikia chini ya 0.14. Huko Cambridge, Uingereza, Ondrej Krivanek, mzaliwa wa Chekoslovakia, alifaulu mwaka 1997 kwa hadubini ya aina nyingine. Wanne hao walipewa Tuzo ya Kavli mwaka 2020.

Hapana budi kuzingatia jambo moja. Kizuizi kilichopimwa vema huonyesha pia mahali pa kupitia. Aliyekipima huenda asipite yeye. Lakini taarifa yake ikiwa ya kweli, walio nyuma yake watapita.