Safari ya Kipupwe Hata Munisagara
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa jioni hii tuseme habari za safari, nasi twaomba mtuwie radhi, maana safari yetu ni fupi. Mwenzetu mmoja alipelekwa Japani kusomea kazi yake, naye aliporudi alitusimulia baridi ya huko. Alisema kisiwa cha Hokkaido kilifunikwa na theluji hata mapaa yakawa kama mafungu ya pamba. Na wasafiri wa gari moshi hununua stesheni visanduku vya wali na samaki, kila upande na chakula chake. Alitusimulia pia nyani wa Jigokudani, huko Nagano, waogao katika chemchemi ya maji ya moto huku theluji ikiwaangukia vichwani. Tulicheka sana. Kisha akatuuliza, “Nanyi mkaao karibu, Munisagara mmepata kushuka?”

Tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa na sababu. Katika trei ya meza yetu ilikuwamo barua ya wakulima wa upande ule, wakiomba mtu aje aone jinsi mto unavyokula mashamba yao ya ukingoni. Ilikuwa imekaa miezi mitatu. Hatukuipoteza, wala hatukuikataa. Karatasi nyingine ziliwekwa juu yake, basi. Ninyi makarani mwajua jambo hili lilivyo.

Tulipopata likizo mwezi wa Julai, tuliondoka Kilosa alfajiri kwa pikipiki, tumejifunga shuka mbili, na bado meno yaligongana. Bonde la Mkondoa ni jembamba. Reli na mto vyagombea nafasi moja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na jua lilipochomoza milima ilitokea kidogo kidogo, kwanza vilele, kisha miti, mwisho moshi wa nyumba za watu. Mto huu huitwa Kinyasungwe utokako upande wa Dodoma, Mkondoa upitapo hapa, na Wami ushukapo baharini karibu na Saadani. Siku ile tuliuvuka pahali maji yakifika magotini. Ni vigumu kusadiki kwamba ndio uliofurika Januari 2010 ukaikata reli baina ya Kilosa na Gulwe, magari yasipite kwa miezi. Reli ile Wadachi waliifikisha Kilosa mwaka 1909, na Kigoma mwaka 1914.

Hata jina la mahali hapa lina habari ya karatasi. Tarehe 4 Desemba 1884 Karl Peters alifanya mkataba na mtawala aliyeandikwa humo Muinin Sagara; mkataba wenyewe kwa Kidachi. Februari iliyofuata, mwaka 1885, mfalme wao alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizi. Karatasi ile haikukaa katika trei.

Karibu na stesheni tulimkuta mama mmoja na sufuria zake. Alitupa uji wa mtama wenye tangawizi, na viazi vitamu vya moto ambavyo tulivishika kwanza viganjani kupasha mikono. Halafu ugali na kambale wa mtoni, mchuzi wake mzito wa nyanya. Visanduku vya Japani hatujavionja, lakini kambale yule hatumbadilishi.

Tukamwuliza, “Mama, biashara yaendaje?”

Akasema, “Gari likisimama, baba, twauza. Mto ukikata reli, sufuria hupoa. Na shamba langu nalo launguka. Tuliandika barua, nadhani haikufika.”

Tulitamani kusema kweli haikufika. Tukasema, “Ilifika, mama. Imo mezani kwetu.” Alitutazama kitambo, kisha akatuongezea kiazi bila kusema neno. Kiazi kile kilikuwa kigumu kumeza.

Mzee mmoja aliyeketi hapo akasema Wajapani walipata kuja na vyombo vyao kuupima mto. Ni kweli: baada ya mafuriko yale shirika lao la JICA lilichunguza namna ya kuilinda reli katika sehemu hii. Basi watu wa nchi ya theluji walitutangulia kufika, nasi twakaa mwendo wa asubuhi moja tu!

Mama alitupeleka ukingoni. Alituonyesha mwembe uliobaki na mizizi hewani, na ng’ambo, mchangani, pahali alipokuwa akipanda mahindi. Tulipima kwa hatua: ishirini na nane zimekwenda.

Habari za Mikumi, tulikopita siku ya pili, hatutazirefusha. Mbuga ile ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na nyani wake huketi kando ya barabara ya Iringa wakingoja ganda la ndizi, ingawa ni marufuku kuwalisha. Hawaogi maji ya moto.

Siku ya kwanza ya kurudi kazini tuliitoa barua, tukaandika chini yake tuliyoyaona, pamoja na zile hatua ishirini na nane, tukaipeleka kwa wakubwa. Imepigwa mhuri wa kupokelewa. Majibu bado, nasi twaiuliza kila Ijumaa.