Mkahawa wa Florian

Wasikilizaji wetu, tulipozuru Italia tuliingia katika mkahawa wa Florian, mjini Venezia, uliofunguliwa na Floriano Francesconi mwaka 1720. Vyumba vyake ni vidogo, kuta zimejaa picha na vioo, na viti vyavikwa mahameli mekundu. Uwanjani hupigwa muziki, na anayeketi hapo hutozwa fedha zaidi kwa ajili yake.

Kikombe kile ni ghali mno, walakini sehemu kubwa ya bei si ya buni. Ni ya kiti, muziki na jina lililotunzwa zaidi ya miaka 300. Basi mkulima wa Bukoba au Kilimanjaro naye atunze jina lake: achume buni zilizoiva tu, asizichanganye na mbichi. Anayechanganya hujipunguzia bei mwenyewe.