Jina Chini ya Kazi: Kiswahili na Kanuni za Uadilifu katika Kozi za Chuo Kikuu Mtandaoni

Mwanafunzi anayejiunga na kozi ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao hukutana, kabla ya somo la kwanza, na ukurasa wa masharti. Hutakiwa akubali kwamba akaunti atakayoitumia ni yake peke yake. Kwamba kazi atakazowasilisha amezifanya mwenyewe, isipokuwa pale ushirikiano uliporuhusiwa. Kwamba hatawapa wengine majibu ya mazoezi na mitihani. Na kwamba hatafanya hila ya kujiongezea alama wala ya kuwapunguzia wenzake. Kampuni ya Coursera, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 2012, ilianza na masharti ya namna hiyo, na vyuo vingi vinavyofundisha kwa mtandao vinayo yanayokaribiana nayo. Chini ya ukurasa pana kisanduku cha kutiwa alama. Mwanafunzi hukitia alama, mara nyingi bila kusoma, na masomo huanza.

Mhadhara huu unahusu kile kinachopotea kati ya ukurasa huo na kisanduku hicho, hasa kwa mwanafunzi anayefikiri, anayejadiliana na pengine anayeandika kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba kanuni hizi, zikivuliwa lugha yake ya kisheria, ni kanuni kuhusu jina: nani ana haki ya kuliweka jina lake chini ya kazi gani. Suala hilo si geni katika taaluma ya Kiswahili. Lina msamiati wake na desturi zake za karne kadhaa. Hata hivyo, kanuni humfikia mwanafunzi kwa Kiingereza kizito au kwa tafsiri ya haraka, kana kwamba lugha yake haijapata kuzungumzia uaminifu wa mwandishi.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kosa kuu linalokatazwa huitwa wizi wa maandishi au wizi wa kitaaluma. Majina hayo yanatosha kutisha lakini hayatoshi kueleza. Mwizi wa kuku humwacha mwenye kuku bila kuku. Anayechukua insha ya mwenzake humwachia mwenzake insha yake nzima. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekamatwa huuliza, na swali lake si la kipuuzi, ni nini hasa alichoiba. Alichoiba ni nasaba ya kazi. Ameikata kazi na aliyeizaa, akajifanya yeye ndiye mzazi wake.

Utata mwingine umo katika vitenzi. *Kunukuu* na *kunakili* vina asili moja katika Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Katika matumizi ya zamani havikutengana sana. Aliyenukuu barua aliweza kuwa ameinakili tu, neno kwa neno. Wanataaluma wa leo wamevitenga: kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu huku ukimtaja, na kunakili ni kuyahamisha basi. Mpaka huo ni mwembamba, na shule huufuta kila siku. Katika darasa lenye kitabu kimoja, mwalimu huandika ubaoni na wanafunzi hunakili. Daftari hilo ndilo huwa kitabu, na mtihani humpa alama nyingi anayeyarudisha yaliyomo bila kupunguza. Mtanzania anayefika chuo kikuu kwa njia ya kawaida amekaa shuleni miaka 13: saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita. Baada ya miaka hiyo 13 ya kusifiwa kwa kunakili, kisanduku kimoja kinatarajiwa kumgeuza.

Si kwamba jadi yake haikujua tofauti hiyo. Utanzu wa takhmisa ni ushahidi mzuri. Katika takhmisa, mshairi huchukua mistari miwili ya mshairi aliyemtangulia na kuiongezea mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa wa mistari mitano. Kazi inayojulikana zaidi ya aina hii ni takhmisa ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Msikilizaji aliyeijua bahari hiyo alijua pia wapi maneno ya Liyongo yanakaa na wapi yanakaa ya Sayyid Abdalla. Hapakuhitajika alama za mtajo. Umbo la ubeti lilifanya kazi hiyo. Tena mshairi wa pili hakupungukiwa na heshima kwa kumtaja wa kwanza. Heshima yake ilitokana na uwezo wa kusimama karibu naye na kuongeza.

Watunzi wengi wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kutaja, katika beti za mwisho, jina la mtunzi, wakati mwingine mwaka, wakati mwingine idadi ya beti. Idadi hiyo haikuwa pambo. Ilimwezesha msomaji kutambua kama mnakili ameongeza au amepunguza. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa katika karne ya 19, baada ya kufa kwake, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na mengi yalitoka katika kumbukumbu za watu. Jina la Muyaka lilikuwa limehifadhiwa pamoja nayo. Hata methali, ambayo haina mtunzi anayejulikana, haitamkwi ovyo: msemaji hutanguliza kwamba wahenga walisema. Huo nao ni mtajo, ingawa unaomtaja hana anwani.

Yasemwe hayo bila kuipamba jadi kupita kiasi. Wapo wanakili walioongeza beti zao katika kazi za wengine na kunyamaza, na wahariri wa leo bado wanataabika kuzichambua. Lakini ukweli kwamba uhariri huo ni taabu unaonyesha kuwa kulikuwa na kitu cha kuharibiwa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya hoja iliyojitokeza mapema katika historia ya kozi za mtandaoni. Mwaka 2012, katika kozi za fasihi na sanaa za Coursera ambamo wanafunzi walisahihishiana insha, ziligunduliwa insha nyingi zilizonakiliwa. Eric Rabkin wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyekuwa akifundisha fasihi ya kubuni ya kisayansi, aliwaandikia wanafunzi wake kuwasihi waache. Kampuni nayo ikaongeza ukumbusho wa masharti mahali pa kuwasilishia kazi. Katika mjadala uliofuata, baadhi ya watu waliwatetea waliokosa kwa kusema kwamba wengine wametoka katika tamaduni zisizojua umiliki wa maandishi. Utetezi huo una huruma ndani yake, lakini ni huruma inayodhalilisha. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyelelewa karibu na tenzi hawezi kuambiwa kwamba watu wake hawakujua jina la mtunzi ni nini. Anachokosa ni mazoezi ya kuitumia kanuni hiyo katika insha ya kitaaluma, na mazoezi hufundishwa.

Zaidi ya hayo, historia inaonyesha kwamba majina yaliyofifizwa mara nyingi yalikuwa ya watu wa huku. Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen kitabu *Desturi za Wasuaheli*, nacho kilibeba jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Ilichukua hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipochapishwa, kwa jina la Mtoro kuingia katika anwani ya kitabu. Miaka 78 ni muda mrefu wa kungoja jina. Wanafunzi wa Kiswahili waliokitaja kitabu hicho katika tasnifu zao kwa miaka yote hiyo walifuata kanuni za mtajo barabara, na bado walimtaja mtu mwingine.

Biashara ya kuandikiana insha imeirudisha hali hiyo kwa sura mpya. Inafahamika sana kwamba vijana wengi wa Kenya, wenye shahada na wasio na kazi, wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha, kazi za kozi za mtandaoni, hata tasnifu. Filamu ya hali halisi *The Shadow Scholars* ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, imewaonyesha watu hao. Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2020. Kwa upande wa England, sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuwa kosa la jinai kuuza au kutangaza huduma hiyo. Aliyenunua huachiwa chuo chake kimwadhibu. Mizani hiyo ina walakini. Aliyesoma vitabu, akaelewa na akaandika, habaki na cheti wala jina. Aliyelipa hupata vyote viwili. Kanuni za chuo humweleza mwanafunzi kwamba kununua insha ni kujidanganya mwenyewe. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba kuna msomi Nairobi au Eldoret ambaye kazi yake yote ya akili imegawanywa kwa majina ya wageni, na ambaye siku akiomba nafasi ya kufundisha hatakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Kanuni ya Kiswahili ingeweza kuisema nusu hiyo.

Vyuo vimeelekea kuitegemea mashine kutafuta makosa. Programu za kulinganisha maandishi, kama Turnitin, hutafuta mifuatano ya maneno inayofanana na ile iliyomo katika hazina yake. Katika Kiswahili njia hiyo ina upenyo. Chukua sentensi hii: *Mtoto aliyekipoteza kitabu kile aliadhibiwa.* Itie katika wingi: *Watoto waliovipoteza vitabu vile waliadhibiwa.* Maneno yote matano yamebadilika umbo, na wazo halijasogea hata hatua moja. Katika Kiingereza badiliko hilohilo lingeacha maneno kadhaa kama yalivyokuwa. Tena, vitabu vingi vya Kiswahili havijawahi kuingizwa katika mtandao, hivyo mwanafunzi anayenakili kutoka kitabu cha rafu ya maktaba hana wa kumwona ila mwalimu aliyekisoma. Naye anayefasiri makala ya Kiingereza na kuiita yake anaweza kupita vilevile. Kufasiri ni kazi yenye hadhi, lakini mfasiri asiyemtaja mwenye matini ni mnakili aliyevuka mpaka wa lugha.

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, mambo yamezidi kuchanganyika. Programu hizo huandika Kiswahili kinachosomeka, na huweza kubuni marejeo ya vitabu visivyokuwapo, yenye majina na miaka inayoshawishi. Vipima maandishi ya mashine havijawa kimbilio. OpenAI yenyewe ilikiondoa kipima chake Julai 2023 kwa sababu ya udhaifu wake, na utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka huohuo ulionyesha kwamba vipima kadhaa viliziita za mashine, kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Msemaji wa Kiswahili anayesoma kozi ya Kiingereza yumo katika kundi hilo. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa na akatuhumiwa kwa sababu sentensi zake ni fupi na msamiati wake ni wa kawaida. Chuo kinachomwadhibu kwa neno la kipima peke yake kinavunja uadilifu kinaoudai.

Kuhusu mwenendo, kuna kanuni ambazo zimeandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye chumba chake na kompyuta yake. Sharti la akaunti moja kwa mtu mmoja ni la haki, lakini nyumba yenye simu moja kwa ndugu watatu huhitaji kuelezwa namna ya kulitimiza: kila mmoja aingie kwa nenosiri lake na atoke amalizapo, hasa penye kompyuta za kukodi. Ushirikiano nao unahitaji maelezo. Wanafunzi wanaosoma mbali na chuo, kama wengi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hutegemea sana kusoma pamoja. Kukataza jambo hilo ni kukataza elimu yenyewe. Kinachotakiwa ni kila zoezi liseme kama ni la mmoja au la kundi, na mpaka uwe wapi: kujadili swali kwaruhusiwa, kuandika jibu ni kwa kila mtu peke yake.

Kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, pasipo kufasiriwa, zingesomeka tofauti. Zingesema: ukiyachukua maneno ya mtu, yafunge kwa alama na umtaje, ukilichukua wazo lake kwa maneno yako, mtaje vilevile, ukifasiri, sema umefasiri, kutoka lugha gani na matini ya nani, ukisaidiwa na programu, eleza ilikusaidia nini, ukiandikiwa, kazi si yako hata ukiilipia. Chini ya kila kauli pangekuwa na aya mbili za mfano, moja iliyokosea na moja iliyosahihi. Badala ya kisanduku, mwanafunzi angepewa aya ya tatu airekebishe mwenyewe kabla ya kufunguliwa somo la kwanza. Mwalimu mwenye wanafunzi thelathini angeongeza dakika kumi za mazungumzo ya simu na kila mmoja juu ya insha yake, kwa Kiswahili, hata kama insha iliandikwa kwa Kiingereza. Na rasimu ya kanuni zenyewe ingesomwa kwanza na wanafunzi wa Lamu, wa Kigoma na wa Lubumbashi. Kauli ambayo hata mmoja wao ameshindwa kuieleza kwa maneno yake ingerudishwa kwa aliyeiandika kabla kozi haijafunguliwa.