BIBI HATOZWI, WAJUKUU JE?

Mazungumzo ya Mweka Hazina katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Desemba 2024



Leo nimeombwa kuzungumzia bima ya afya, nami nitazungumza kihasibu: nani analipa, nani ananufaika, na nani hayumo kwenye orodha.

Nianze na sisi tulioajiriwa. Wengi wetu tumo NHIF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Kadi inambeba mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Ukiandika watoto wanne, nafasi zimejaa. Baba na mama walioko Singida wamebaki nje.

Kwa wazee hao Serikali imeweka msamaha. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hatakiwi kutozwa kwenye vituo vya umma. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito. Ni jambo jema, lakini nyumba zetu tunazijua. Yupo bibi anayelea wajukuu watatu, wa miaka 7, 9 na 12. Bibi ana msamaha. Wajukuu umri wa msamaha umewapita. Wa miaka 9 akianguka mtini akavunjika mkono, zinatakiwa fedha za picha na za kufunga plasta. Bibi atauza kuku, kisha mbuzi.

Kaya kama hiyo ndiyo inayofaa CHF iliyoboreshwa. Shilingi 30,000 hubeba kaya ya watu hadi sita kwa mwaka mzima, yaani 5,000 kwa kila mmoja. Matibabu huanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi mgonjwa afuate ngazi za rufaa.

Kwa nini basi bibi hana kadi? Kwa sababu 30,000 hiyo hulipwa kwa mkupuo. Alizeti ikiuzwa, fedha inagombewa na sare, daftari na madeni. Palizi ikifika, ndani hamna kitu. Kiwango chenyewe hakibagui: mwenye duka na mjane hulipa sawa. Mzee anayeishi na mjukuu mmoja hulipa sawa na kaya ya watu sita, na kaya ya watu wanane huhitaji kadi mbili.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake wasio na uwezo wamewekewa utaratibu wa kulipiwa. Tunaisubiri kwa hamu ifike vijijini kwetu, lakini ugonjwa hausubiri.

Ndugu wanachama, napendekeza tutenge shilingi 3,000,000 katika makusanyo ya mwaka huu tulipie kaya 100. Majina yapitishwe hadharani kwenye mikutano ya vijiji, siyo kuchaguliwa na sisi huku mjini. Malipo yaende moja kwa moja kwa namba ya malipo, na risiti zibandikwe ofisi ya kijiji. Mwanachama akiweka 2,500 kila mwezi, kwa mwaka amebeba kaya moja.

Wapo wanaosema fedha zote ziende kwenye wodi ya wazazi tunayoijenga. Nawaelewa, hata mimi nimechangia matofali. Lakini jengo likikamilika, mtoto wa miaka 9 asiye na kadi bado ataombwa fedha dirishani.

Kadi haileti dawa pale rafu ilipo tupu, wala hailipi nauli ya kwenda mkoani. Kwa hiyo mwakani nisiishie kusoma idadi ya kadi tulizolipia. Niulizeni ni wangapi walitibiwa, na wangapi walirudishwa bila dawa. Tukiwa na orodha hiyo, tutakuwa na la kumwambia Mganga Mkuu wa Wilaya na madiwani wetu.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki.