Tuandike Majina ya Miti ya Pori Letu



Leo sikuja kusema habari ya muhogo wala ya mbolea. Nimekuja kuwaomba majina. Nataka tuandike miti yote ya pori letu, mmoja mmoja, kabla shoka halijaimaliza. Mnajua wenyewe: zamani mchoma makala alikata karibu na nyumba yake. Sasa anatoka alfajiri, na jua likiwa juu bado hajapata miombo ya kujaza tanuru moja. Miji ya migodi inapika kwa pori letu.

Mmoja atasema: Moniteri, miti tunaijua, ya nini kuiandika? Kweli mnaijua. Lakini majina yamo vichwani mwa wazee, na vijana wengi wanajua miwili tu: mti wa makala na mti wa mbao.

Kazi hii ilianza zamani. Mwaka 1933, wakati wa Wabeleji, iliundwa INEAC, na pale Yangambi majani yaliyokaushwa yakawekwa kwa maelfu, kila tawi na karatasi yake. Mwaka 1948 kilitoka kitabu cha kwanza cha Flore du Congo belge et du Ruanda-Urundi. Vingine vikafuata, na mpaka leo hesabu haijaisha. Tena mwaka 1997 Bwana François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, alitoa kitabu cha vyakula vya pori la miombo. Mama zetu wanaookota masuku, uyoga na vinkubala, mambo yao yamo humo.

Sasa nitawaambia kosa langu. Nilipoanza, niliandika mukula na mulombwa kuwa mti mmoja, kwa sababu yote miwili ukiikata inatoa maji mekundu kama damu. Bibi mmoja mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akanishika mkono, akanipeleka porini, akanipa kikonyo cha jani la kila mti nihesabu. Kikonyo cha mulombwa kina vijani vingi. Cha mukula kina vichache, tena vipana. Nikafuta niliyoandika. Sikuona haya, maana bibi yule hakusoma hata siku moja, naye alinifundisha.

Msidhani ni neno dogo. Baada ya mwaka 2010 malori yalikuja kuchukua magogo ya mukula, yakaenda mpaka China. Waliokata walipata fedha kidogo, na pori likabaki na visiki. Mwaka 2019 mataifa yalipatana katika mkataba wa CITES kwamba mukula usivuke mpaka bila karatasi ya ruhusa. Mwaka 2022 mulombwa nao ukaingia. Lakini karatasi inataja mti kwa jina. Mtu asiyejua kuitenga miti, atalikagua lori namna gani?

Basi tufanye hivi. Ukipita porini, kata tawi dogo lenye majani pamoja na ua au tunda, kwani majani peke yake hudanganya. Litandaze katikati ya magazeti ya zamani, weka ubao juu, na jiwe juu ya ubao. Badili karatasi kila siku mpaka tawi likauke, ama sivyo litaoza. Mimi niliharibu mengi kwa uvivu huo. Andika jina kwa lugha ya kwenu, si la Kiswahili tu. Andika mahali: bondeni, kilimani, juu ya kichuguu, au kwenye udongo wa shaba ambapo miti ni michache. Andika pia kazi yake, kama ni dawa, ni mpini, au ni mti unaolisha vinkubala. Wazee wawili wakibishana juu ya jina, andika majina yote mawili.

Asiyejua kuandika alete tawi, aseme, mimi nitaandika. Nitaanza kwa mama wanaokwenda kuokota masuku, kwa kuwa wao wanafika mbali kuliko sisi.