KUMCHAGUA MTU WA KAZI
Mazungumzo kwa Waajiri, Wakuu wa Taasisi na Wananchi



Mahali pengi hapa Visiwani shughuli ya kuajiri huanza pasipostahiki kuanzia. Nafasi ikitokea, swali la kwanza huwa ni "nani yupo?", na kabla ya jua kuchwa majina manne yameshafika mezani: mtoto wa jirani, mpwa wa mzee fulani, kijana aliyekuja na barua ya mkubwa, na mwengine aliyetajwa barazani. Si kwamba watu hao hawafai. Baadhi yao hufaa sana. Taabu ni kuwa wametafutwa kabla ya kazi yenyewe kujulikana, na mtu hawezi kupimwa kwa kipimo ambacho bado hakijatengenezwa.

Basi na ianze kazi. Tuseme hoteli iliyopo Kiwengwa inahitaji mtunza ghala. Tangazo la kawaida litasema awe mchapakazi, mwaminifu, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Maneno hayo hayamwambii mtu kitu, kwani hakuna aliyewahi kuandika katika maombi yake kuwa yeye ni mvivu. Mwajiri anayeijua kazi yake ataandika vyengine: mtu huyu atapokea samaki alfajiri, atawapima na kuandika uzito daftarini, atawakataa walioharibika hata kama muuzaji ni mtu wa kijijini kwake, na hatatoa kitu ghalani bila ya hati iliyotiwa saini. Kutokana na mambo hayo manne maswali ya usaili hujitokeza yenyewe, na jaribio la kazi pia.

Kuhusu hiyo miaka mitano, waajiri wengi huishikilia kama nguzo ya nyumba. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Katika kipimo ambacho 0 ni kutokuwepo uhusiano wowote na utendaji wa baadaye, na 1 ni kulingana kabisa, jaribio la kazi yenyewe lilipata 0.54, na idadi ya miaka ya uzoefu ikapata 0.18 tu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliyapitia upya mahesabu hayo na kuyashusha mengi. Usaili wa maswali yaliyopangwa ukashika nafasi ya juu kwa 0.42, jaribio la kazi likawa na 0.33, na miaka ya uzoefu ikabaki chini vilevile. Kwa hivyo kijana aliyemaliza mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji asifungiwe mlango kwa sababu ya miaka asiyokuwa nayo. Apewe mzani, daftari na tenga la samaki, aonekane.

Jaribio hilo liwe la saa moja au mbili. Mtu anayefanyishwa kazi wiki nzima bila ya ujira kwa jina la kujaribiwa, huyo hajajaribiwa, ametumiwa. Na wapo wanaofanya hivyo msimu hadi msimu.

Katika chumba cha usaili, waombaji wote waulizwe maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Wasaili wawe wawili au watatu, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenziwe. Mkuu wa taasisi azungumze mwisho. Akitangulia yeye kusema "huyu kijana nimempenda", wengine watakuwa wameshamaliza kazi, hata kama kalamu zao zingali mikononi. Mwenye jamaa yake miongoni mwa waombaji aseme mapema na atoke. Hapana aibu katika kutoka, aibu ni kubaki. Maswali ya lini mwanamke ataolewa au atazaa hayana nafasi hapo. Sheria ya Ajira Nambari 11 ya mwaka 2005 inakataza ubaguzi, na hata isingekataza, majibu yake hayaelezi lolote juu ya uzito wa samaki.

Lipo jambo linalosahauliwa na waajiri wa mjini. Mwombaji wa Micheweni anayeitwa usaili wa dakika kumi hushuka hadi Mkoani, akapanda boti kuja Malindi, akatafuta pahala pa kulala, na mara nyingi nauli hiyo imetoka kwa mama aliyeuza karafuu au kukopa kwa mwenye duka. Kumwita mtu huyo kukamilisha idadi, hali mwenye nafasi ameshapatikana, ni dhulma isiyo na jina jengine. Waombaji wa Pemba wakiwa wengi, wasaili ndio wavuke bahari wakafanyie kazi hiyo Chake Chake. Na asiyechaguliwa aarifiwe, japo kwa ujumbe mfupi wa simu. Wapo vijana wanaokataa kibarua miezi miwili wakisubiri jibu ambalo halikukusudiwa kuja.

Aliyechaguliwa apewe mkataba wa maandishi kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kwa lugha anayoifahamu, ukitaja kazi, mshahara, saa na muda wa majaribio, na nakala moja ibaki mkononi mwake. Mwajiri amsajili pia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998.

Karatasi za alama zisitupwe. Atakayekuja kuuliza kwa nini hakupata anastahiki kujibiwa kwa kilichoandikwa siku ile, si kwa kinachokumbukwa siku anayouliza.