Majumba ya Zamani ya Shule: Tuyatengeneze, Tusiyaue

Maneno ya mazungumzo na waashi, maseremala na vibarua

Ndugu wanachama,

Tumekutana kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu huipata shule zinapofungwa: kutengeneza majumba ya zamani ili watoto waendelee kusomea humo. Ni kazi njema. Jumba lililo imara halina haja ya kubomolewa kwa sababu ya lipu iliyobanduka. Lakini kazi hii ikifanywa ovyo huua ukuta kwanza, na mwisho huua watu.

Kwetu pwani, kama Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, kuta za zamani ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukipigwa lipu ya simiti, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi huisukuma lipu mpaka ikaanguka pamoja na uso wa jiwe, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza. Kwa nje ukuta wang'aa, kwa ndani wafa. Dawa yake ni chokaa iliyozimwa vizuri, ipigwe tabaka nyembamba, na kila tabaka iachwe ikauke polepole.

Kontrakta atasema chokaa yachelewesha kazi. Ni kweli. Ndiyo sababu siku za chokaa zihesabiwe katika bei tangu mwanzo, zisije zikakatwa katika mshahara wa kibarua.

Tena, vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti una mpaka. Mwalimu mkuu akitaka darasa pana, msikubali kumbomolea ukuta wa kati, maana ndio ubebao boriti. Chumba chembamba na kiwe maktaba au ofisi, darasa pana lijengwe uani.

Kama kuna asemaye kwamba twatia chumvi, na akumbuke Unguja. Beit-al-Ajaib haikuwa shule, lakini ilikuwa jumba la zamani, lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea. Watu wawili walikufa. Basi kabla ya kugusa jumba la zamani, likaguliwe na litegemezwe kwa nguzo.

Hatari ya pili iko juu ya vichwa vyetu. Shule nyingi za zamani, pwani na bara, ziliezekwa mabati ya asbesto, ambayo Kenya iliyakataza mwaka 2006. Vumbi lake halionekani kwa macho, nalo likiingia mapafuni ugonjwa waweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi, wakati kontrakta amekwisha kusahau hata jina lako. Basi asbesto isivunjwe, isikatwe kwa msumeno, wala isifagiwe ikiwa kavu. Ilowanishwe, ishushwe nzima nzima, ifungwe kwa plastiki nene, na ichukuliwe na wenye kibali. Kitambaa puani si kinga. Mwajiri alete barakoa za kazi hiyo. Nguo za kazi zisirudi nyumbani kwa watoto.

Kwa hiyo, ndugu, kila tuitwapo kutengeneza shule, mjumbe wetu na aulize mambo manne kabla jukwaa halijasimamishwa: Jumba limekaguliwa? Paa ni la nini? Wanafunzi wamehamishwa? Na kila fundi wa chokaa amepewa mwanagenzi wa kujifunza kwake? Mafundi wa chokaa ni wazee sasa. Wakiondoka na ujuzi wao, majumba haya yatakosa tabibu.

Watakaokaa chini ya boriti hizo ni watoto wetu wenyewe. Fundi mmoja akikataa kazi mbaya hufukuzwa. Tukikataa sote, kazi hutengenezwa. Umoja ni nguvu.